Naomba Courant

Orly aliondoa kwanza vivuli. Akaondoa mvua, kisha majani ya uwanja. Mwisho akaondoa watu wote waliokaa jukwaani, wakabaki wachezaji peke yao, na bado mchezo ulikwama kwenye skrini. Mpira ulisimama hewani kama umepigiliwa msumari.

Zilibaki dakika kumi na tano. Saa nane kamili angecheza na kijana wa Goma, kila mmoja kwenye kompyuta ya kwao, na mshindi angeenda fainali Kinshasa. Mwaka jana Orly alitolewa kwa sababu mashine ilikwama mbele ya goli. Siku ile Koko Suzanne, bibi yake aliyemlea, aliyeuza mbuzi wake wa kijijini Boga ili kompyuta ipatikane, alikosa hata hamu ya kula.

Alishafunga programu zote. Alishatoa vumbi jekundu kwenye feni kwa mswaki wa zamani. Ndipo akaiona taa ndogo ya chaja: inawaka, inazima. Kumbe umeme ulikuwa mdogo, na mashine ilikuwa inajibana, inafanya kazi polepole.

Pale mtaani Lumumba, nyumba yao ilishirikiana waya mmoja wa jenereta na jirani, Mama Clarisse, muuza samaki wa Tchomia. Waya ule ulikuwa na sheria yake. Mwenye kazi ya nguvu, kama kupiga pasi, anaita kwanza kuomba courant, yaani umeme. Mwenzake akikataa, anajibu. Akinyamaza, amekubali plagi yake ichomolewe.

Asubuhi ile Mama Clarisse alisimama mlangoni akasema maneno mengi. Orly, casque masikioni, aliitika "ndiyo, mama" kila alipoona mdomo wake umetulia.

Sasa alitoka nje. Nyuma ya dirisha la jirani friji ya samaki ilikuwa inanguruma. Leo ilikuwa na mlio mwingine, kama mtu anayepuliza makaa. Imezeeka, akawaza.

"Mama Clarisse! Naomba courant! Saa moja tu!"

Hakuna aliyejibu. Alisikika Koko tu, akikohoa. Tangu Jumapili alikuwa analala kwa Mama Clarisse, kwa kuwa paa lao lilivuja na kifua chake hakikutaka baridi.

"Koko, leo utanisikia nikishinda!" Orly akasema, akachomoa plagi ya jirani pale nje kwenye waya wao.

Taa ya chaja ikatulia. Akarudisha mvua. Akarudisha vivuli, majani, na watu wote jukwaani, mpaka mmoja mwenye kofia ya njano. Hakuna kilichokwama.

Dakika ya kumi ya mechi akafunga, akapiga yowe. Ukuta wa upande wa jirani ukagongwa: ko, ko, ko. Ndiyo ilikuwa kawaida ya Koko. Akisikia goli, anagonga ukuta kwa fimbo yake.

"Aksanti, Koko!"

Ukagongwa tena, upesi upesi, na mpira haujafika hata katikati.

"Ee Koko! Weye iko nafurahi kabla ya goli?" Akacheka, akavaa casque.

Alipoivua, alikuwa ameshinda matatu kwa moja. Ukuta ulikuwa kimya. Hata kikohozi kilikuwa kimetulia. Koko amepata usingizi, akawaza, akatoka kwa ncha za vidole asimwamshe.

Mama Clarisse alikuwa anaingia uani, jasho usoni, mfuko wa dawa mkononi.

"Mama, nimeshinda! Naenda Kinshasa!" Orly alinong'ona. "Pardon, nilichomoa friji yako kidogo. Niliita, mukanyamaza. Samaki haiwezi kuharibika na saa moja."

Mfuko ukamdondoka.

"Friji gani, Orly? Friji mafundi walibeba jana. Asubuhi nilikuambia nini? Ile plagi iko ya mashine ya hewa, ile Koko anapumulia."