Mtunzi wa Chumba cha Pili

Programu ya kusoma mwandiko ilisoma tano kama herufi S, kwa mara nyingine. Ruwayda akafuta, akanyoosha karatasi chini ya taa ya meza, akapiga picha upya. Safari hii mlinganyo ulitokea kwenye kioo cha simu ukiwa nadhifu, umepigwa chapa kama wa kitabuni, ila mahali pa alama ya mraba palikuwa na nukta tu.

"Bwana Kituyi, huyu mtunzi wenu wa mtihani anaandika kama mtu aliye kwenye trekta."

Kituyi alicheka pale mlangoni. "Vumilia, Madam. Programu kila mtu anayo. Mwalimu wa hisabati wa kuirekebisha ikikosea ndiye tulikuwa tunatafuta."

Alikuwa amemfuata nyumbani kwake, mtaa wa West Indies, akiwa na tai na beji shingoni. Alizungumza kwa upole. Mtihani wa kitaifa ulikuwa unatayarishwa, akasema, na ulihitaji mtu mwaminifu wa kuutoa kwenye mwandiko wa mkono na kuuweka kwenye chapa. Mtu huyo angekaa mahali pa siri hadi kazi iishe. Hakuna simu, hakuna wageni. Ruwayda alishika msahafu akaapa. Binti yake Hamdi, mimba ikiwa imefika miezi ya mwisho, ndiye aliyempakia sanduku.

Sasa sanduku hilo lilikuwa chini ya kitanda, katika nyumba ya mawe upande wa Moiben, mahindi yameizunguka hata barabara haionekani. Dirisha lilikuwa na vyuma. Mlango ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa nje. Simu yake waliichukua siku aliyofika. Hii ya kazi haikuwa na laini.

Mwanzoni alijivunia. Watoto wa nchi nzima wangefungua karatasi zilizopita mikononi mwake. Lakini fahari iliisha mapema, akabaki na kuta. Hata kwenda msalani alisubiri afunguliwe. Upepo ulipotikisa mahindi alidhani kuna mtu anakuja, na hakuna aliyekuja.

"Mpigie binti yangu wewe mwenyewe," alimwambia Kituyi. "Mimi hata sitaongea. Niambie tu kama amejifungua."

"Madam, uliapa."

"Niliapa, ndiyo."

"Basi. Hata mtunzi ako na familia, na yeye halalamiki."

Mtunzi alikuwa chumba cha pili. Ruwayda hakuwahi kumwona. Alimjua kwa kikohozi chake ukutani, na kwa karatasi ambazo Kituyi alizileta. Aliwahi kuomba amsalimie.

"Mtunzi na mchapaji hawaonani," Kituyi alimjibu. "Ndiyo sheria."

Sheria hiyo ilimwingia akilini. Mtihani ni mtihani. Na kwa namna fulani kikohozi kile kilimliwaza. Walikuwa wawili waliojifungia kwa ajili ya watoto wa watu. Mtunzi alipokohoa sana, Ruwayda alisogea ukutani akasema "pole" kwa sauti ndogo.

Kisha mwandiko ukazidi kuharibika. Saba ikawa moja, mabano yakabaki bila kufungwa, mistari ikateremka kuelekea pembe ya karatasi. Programu ilitoa vitu visivyo hesabu wala lugha. Ruwayda alikaa akikisia kila tarakimu, na kila alipokwama aliona siku ya yeye kurudi kwa Hamdi ikisogea mbali. Asubuhi moja alizitupa karatasi mezani.

"Mwambie aandike vizuri! Yeye anachelewa, mimi nafungiwa. Mwambie nina mtoto anakaribia kuzaa!"

Kituyi alizikusanya taratibu. "Nitamwambia."

Ruwayda alisikia kiti kikianguka upande wa pili. Halafu hata kikohozi hakikusikika.

Mchana karatasi zilirudi zikiwa safi ajabu. Kila tarakimu ilisimama peke yake, na programu ilizisoma zote mara moja. Ukingoni mwa moja palikuwa na doa la kahawia. Ruwayda alidhani ni mchuzi, akalifuta na kitambaa.

Aliporidhika na ukurasa wa mwisho, aibu ikamshika. Alikuwa amemfokea mtu mzima, tena kwa kumtuma mtu.

Alasiri hiyo mvua ya mawe ilipiga mabati kwa kishindo. Kituyi alikuwa ameleta chai wakati lori lilipopiga honi langoni. Aliweka kikombe, akakimbia nje akijifunika kichwa kwa koti, na komeo halikurudi.

Ruwayda aliutazama mlango uliobaki wazi kidogo. Kiapo chake kilikuwa cha kutotoa mtihani nje, alijiambia. Kuomba msamaha si kutoa mtihani. Akachukua kile kikombe, akatoka, akavuta komeo la chumba cha pili kwa mkono uliobaki.

"Hodi, mzee. Samahani kwa maneno yangu ya asubuhi..."

Mwanamume alikuwa ameketi sakafuni, mguu wake umefungwa kwa mnyororo kwenye kitanda cha chuma. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Kwa lile lingine alimtazama Ruwayda, akatazama mlango wazi nyuma yake, kisha akamtazama tena kwa huruma.

"Mimi waliniteka pale Cheptiret, nikitoka kutunga mtihani," alinong'ona. "Wananipiga mpaka nikumbuke kila swali. Na wewe, mama, walikuteka wapi?"