Ngoma za Nyegere

Hapo kale, lakini si kale sana, Bibi Kobe na wenzake walikuwa wakirudisha miti kwenye kilima kilichobaki upara. Kila masika alikuja Bwana Nyegere, tajiri wa asali, na wapiga ngoma kumi na wageni mia. Alipanda mche mmoja, akahutubia, akashangiliwa, akaenda zake.

Mwaka wa tano akauliza, "Bibi, mche wangu wa mwaka jana uko wapi?"

"Umeukanyaga, mwanangu. Na wa mwaka juzi waliumaliza wageni wako kwa kucheza."

Nyegere akatazama nyayo zake, akaona haya. "Basi nikusaidieje?"

"Wa kupanda hawakosekani," alisema Kobe, kama mtu aliyechoka kurudia. "Miche inakufa kiangazi, kwa kiu. Njoo kiangazi, ulete maji. Kelele ziache nyumbani."

Kiangazi kikafika, Nyegere naye akafika: ndoo moja mkononi, na nyuma yake wapiga ngoma wote kumi.

Kobe hakugomba. Hata nguvu za kugomba hakuwa nazo. Akazipindua zile ngoma moja moja, upande ulio wazi ukatazama juu, akawaonyesha wapigaji njia ya kijitoni. Wakachota na kupandisha maji kutwa nzima, mpaka ngozi zikalowa na ngoma zikawa bubu.

"Bibi," Nyegere akalalamika, "sasa nani atajua kwamba nilikuja?"

"Nyuki wako, miti hii itakapochanua," akajibu Kobe, akaingiza kichwa gambani, akalala.