Nafasi Moja

Fimbo ya kwanza ilivunjikia mgongoni mwa Niyongabo, na kiranja mkuu, Pasikali, akaenda mwenyewe kukata nyingine. Alichagua mbichi.

"Huyo ndiye kiranja," mwalimu mkuu alisema, akarudi kivulini kwenye chai yake.

Ilikuwa Januari ya tisini na saba, wiki ya kwanza ya darasa la saba, na kosa la Niyongabo lilikuwa kuchelewa mchakamchaka. Alikuwa mtoto wa mkimbizi. Alikaa na mama yake, Niyonsaba, kwenye kibanda pembeni mwa kijiji tangu walipovuka kutoka Burundi. Darasani alikuwa wa kwanza. Pasikali alikuwa wa pili. Na kwa jinsi wakubwa wa Kasulu walivyogawa, shule ile ilipata nafasi moja tu ya sekondari kwa mwaka, na mwaka mwingine hata hiyo ilikwenda kwa mtoto wa mtu fulani. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini wa pili anamchapa wa kwanza namna ile.

Pasikali alikaa kwa mzee Longinus, mgane. Mke wa mzee alifia kwenye benchi la zahanati huku mganga yuko semina. Baada ya msiba Longinus alikwenda Mabamba, kule mpakani, akarudi na kijana, akasema ni mwanawe aliyekulia kwa bibi yake, akamwandikisha shule kwa jina lake. Watu wakampa pole, wakafurahi kwamba mzee kapata wa kumchotea maji.

Masika walipalilia mahindi ya shule, mahindi ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaonja. Niyongabo akakata mche kwa bahati mbaya. Pasikali alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka mwalimu wa zamu akasema basi. Kiangazi wakafyatua matofali ya nyumba ya mwalimu mkuu. Sauti za wavulana zilikuwa zimeshaanza kukwaruza, wasichana wameanza kujifunga kanga juu ya sketi, na ngumi za Pasikali zilikuwa zimekuwa ngumi za mtu mzima. Walipocheza mpira na shule jirani, Niyongabo alifunga bao la ushindi. Wenzake wakambeba. Pasikali, wa timu hiyo hiyo, alimsubiri ashushwe, akamvunja jino.

"We Pasikali, utamuua mtoto wa watu," alisema Immakulata, aliyekaa naye dawati moja. "Kwani kakula nini chako?"

"Nafasi yangu."

"Si usome! Au fimbo ndiyo hesabu siku hizi?"

Darasa likacheka. Mchana Pasikali alimsukumia Immakulata viazi vyake vyote. Ilikuwa hivyo kila siku aliyopiga: hali kitu. Immakulata alivila, akasema mkono wa kuchapa unashibisha.

Niyonsaba aliuza ndizi kwenye uzio wa shule, na yote hayo aliyaona. Siku moja alisogea mpaka kwenye miti ya uzio.

"Mpige, mwanangu," alimwambia Pasikali, "ila kichwani usimguse. Hicho ndicho anachosomea."

"Rudi kwenu, mama mkimbizi!"

Mwalimu mkuu alicheka mpaka chai ikammwagikia suruali.

Wiki ya mtihani malori yakaja. Amri ilikuwa imetoka juu, kwa watu ambao hawajawahi kulala kijijini hata siku moja: Warundi wote waliomo vijijini wapelekwe kambini, mwenye shamba na asiye nalo. Askari waliwapanga wanafunzi mstarini. Mwalimu mkuu, mtu wa mkoa mwingine, aliwatambua wakimbizi kwa majina.

"Niyongabo. Nduwayezu. Harerimana."

Harerimana alikuwa Muha wa pale pale, babu yake kazikwa nyuma ya shule. Alifungua mdomo kueleza, akapigwa kitako cha bunduki, akatema damu.

"Na huyu mrefu?" askari alimwonyesha Pasikali.

"Huyu?" Mwalimu mkuu alicheka. "Afande, huyo ni Pasikali Longinus. Ndiye anayewanyoosha."

Niyonsaba aliburutwa kutoka kwenye uzio, ndizi zake zikakanyagwa.

"Una mtoto mwingine hapa?"

"Oya, sina, afande. Ni huyu Niyongabo tu."

Walimpandisha kwa teke. Niyongabo, aliyekwisha kupanda, akafungua mfuko wake wa daftari, akautoa mkebe wake wa rula na kalamu, akaurusha kwa nguvu zote. Ulimpata Pasikali kwenye paji la uso, ukampasua.

"Chukua! Ukafeli nao!"

Askari alimpiga masikioni mpaka akaangukia miguuni mwa wanawake. Darasa zima lilisubiri Pasikali aokote jiwe. Aliokota mkebe. Lori liliondoka, yeye kasimama, damu inamwingia machoni wala haifuti.

"Haya, nafasi umeipata," alisema Immakulata, akatema mate chini. "Ukaile."

Jioni mzee Longinus alichemsha maji, akatia chumvi, akafunga mlango. Alimsafisha kijana jeraha polepole, naye hakulia. Mkebe ulikuwa mapajani, kaushika kwa mikono miwili.

Mzee aliinamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama yako alipoulizwa, alisemaje?"

"Alisema mtoto wake ni mmoja."