Ndizi Saba za Umuhoza

Magoti ya Sebarenzi yaligoma katikati ya mlima, mji wa Kitshanga ukiwa bado mbali. Tangu alfajiri alibeba gunia la maharagwe la mwenye duka, kamba kwenye paji la uso, tumboni hamna kitu. Maharagwe makavu hayatafuniki. Kilichoweza kuliwa ni ndizi saba mbivu za binti yake Umuhoza, aliyejifungua juzi huko Kitshanga na maziwa hayatoki.

"Kula, Papa Umuhoza," alisema mkewe, aliyekuja nyuma yake na kikapu cha ndizi. "Hii mulima inakula muntu."

"Njo za mutoto, hizi. Ni za Umuhoza."

"Basi nikubebe wewe na gunia yako?"

Sebarenzi alitua gunia. Akamenya ya kwanza.

Walifika jioni. Ndizi tano ziliishia mlimani. Umuhoza alipata mbili.