Swala Aliyemfukuza Ng'ombe

Katika hifadhi ya wanakijiji, Ng'ombe na wanyamapori walikula majani pamoja. Swala, aliyejiona mrembo, hakupendezwa.

"Shangazi Ng'ombe, wageni wanakuja kutupiga picha sisi. Unatuharibia. Rudi zizini!"

Ng'ombe akaenda zake.

Mvua ikanyesha, nyasi zikarefuka hadi zikamfunika Swala na pembe zake. Magari ya wageni yakapita bila kumwona. Simba, aliyejificha humo humo, alimwona vizuri. Akamrukia, akamkosa kidogo tu.

Swala alikimbia moja kwa moja hadi zizini, akihema. "Shangazi, nisamehe. Njoo ule!"

Ng'ombe akarudi, akala taratibu mpaka pakawa peupe.

Hadi leo, wageni wakitoa kamera, Swala huwaambia, "Mpigeni picha shangazi kwanza."