Vibano vya Mashoto

Matundu manane ya skrubu yalikuwa yamezibwa kwa gundi, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Alisimama ndani ya banda la mashua, mkono wa kulia mfukoni kama kawaida yake siku hizi, akiitazama mashua yao ndogo ikiwa juu ya magogo. Kwa miaka sita vile vibano viwili vya kamba za tanga la mbele vilikaa kimoja ubavu wa kulia, kimoja wa kushoto, pale pale alipovipachika yeye mwenyewe. Mkewe alishika usukani. Yeye alikaa mbele, akivuta kamba na kuitia kwenye meno ya kibano, ya kulia kwa mkono wa kulia, ya kushoto kwa mkono wa kushoto. Vikombe vitatu vya ushindi vilivyokuwa kabatini kwao vilitokana na mikono hiyo.

Sasa mbavu za mashua zilikuwa tupu. Vibano vyote viwili vilikuwa vimehamishiwa katikati, juu ya kipande kipya cha mbao, vikaelekezwa upande mmoja tu.

Kushoto.

Zilibaki siku tisa kabla ya mashindano.

Hakuhitaji kuambiwa. Pale klabuni palikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kila kitu kwa kushoto, hata kupunga mkono. Walimwita Mashoto. Mrefu, mcheshi, meno yote nje saa zote. Wiki iliyopita alimkuta Mashoto gatini na mkewe, mkewe ameushika mkono wa kushoto wa Mashoto, anaugeuzageuza kama anayechagua viazi. Walipomwona, mkewe akauachia.

Na yeye mwenyewe alikuwa hajakwenda mazoezini na mkewe wiki ya tatu hiyo. Mgongo, alisema. Mgongo gani wa wiki tatu? Bila shaka mkewe amechoka kusubiri, katafuta mwingine wa kukaa mbele. Leo kiti, kesho nini? Kama si ndani ya mashua ile, hakujua angekaa wapi tena katika maisha ya mwanamke yule.

Asubuhi alikuwa amemjaribu.

"Mashindano haya tutakuwa wawili?"

"Tangu lini tumekuwa watatu?" Mkewe alimwekea chai mezani. "Kunywa, inapoa."

"Sina hamu."

Kikombe kilijaa hadi ukingoni. Mkewe alikitazama, akamtazama yeye, kisha akamimina nusu kwenye kikombe chake mwenyewe na kumsogezea kilichobaki. Hata chai sasa ananipunguzia, aliwaza, akaondoka bila kuigusa.

"Shemeji! Umenishtua." Fundi wa mashua alitokea nyuma ya banda, mavumbi ya mbao yamemjaa kichwani.

"Ng'oa hivyo vibano."

"Mwenye mashua ndiye aliyeniagiza."

"Na mimi ni nani? Abiria?"

"Wewe pia mwenye mashua. Ila yeye ndiye aliyekuja."

"Nimesema ng'oa!"

Fundi alikuna kidevu, akamnyooshea bisibisi. "Basi ving'oe mwenyewe. Mimi ugomvi na yule dada siuwezi."

Aliutoa mkono mfukoni, akaipokea. Ikamponyoka, ikagonga sakafu, ikaviringika chini ya mashua. Hasira, alijiambia. Hasira tu. Akaurudisha mkono mfukoni. Fundi aliona, akageuka kupanga misumari ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Alipanda mashuani, akakaa kwenye kiti chake cha miaka sita. Alitaka kuona walivyomtengenezea raha huyo bwana. Akanyoosha mkono wa kushoto bila hata kutazama, na kamba ikamjia kiganjani kama iliyotumwa. Akavuta. Meno ya kibano yakauma. Akaitikisa kidogo kwenda juu, ikafunguka. Akajaribu ya pili. Si mbali, si karibu. Alitamani iwe mbaya, ikakataa kuwa mbaya.

Ndipo akacheka, kicheko cha shari.

"Fundi, nyie hata kupima hamjui! Yule mtu mikono yake mirefu kama makasia. Hapa atajipiga kiwiko mbavuni kila akivuta. Mtashika mkia, nawaambia!"

"Mtu gani?"

"Usinifanye mjinga. Mashoto!"

"Ah, Mashoto." Fundi alitikisa kichwa. "Mashoto hatukumpima. Alikuja mara moja tu, kutuonyesha mtu wa kushoto anavyovuta."

"Sasa mmempima nani?"

Fundi akaelekeza kidevu ukutani.

Kwenye msumari, kati ya misumeno, lilining'inia shati la buluu la mikono mirefu. Alilijua. Lilikuwa lake, lile lenye ukosi ulioshonwa upya. Hakujua hata kwamba halimo kabatini, kwa kuwa tangu mvua zianze alikuwa akivaa fulana tu. Vifungo vilikuwa vimemchosha.

Akashuka, akalisogelea. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa na alama za penseli kuanzia begani mpaka penye kifundo cha mkono, na kando ya kila alama tarakimu, kwa mwandiko wa mkewe. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini.

"Nilikatazwa kukuonyesha, shemeji." Fundi aliinama hatimaye, akaiokota bisibisi. "Dada alisema tusubiri mpaka wewe mwenyewe utakapoutoa huo mkono wa kulia mfukoni."