Makumbi ya Bibi

Abiria wenzake waliposhuka melini walikimbilia vitanda vya ufukweni. Bi Kazija alivua viatu akaelekea upande wa mikoko, akapiga magoti, akaanza kuchimba tope kwa mikono. Kisiwa alichozaliwa sasa kilikuwa mali ya kampuni ya meli, na abiria walipewa siku moja tu ya kukitembelea.

"Mama, wewe!" Binti yake Thureya alimfuata mbio. "Nimekuleta upumzike, si uje kulima tope. Watu wanatutazama."

"Waache, macho hayana pazia. Siku tuliyohamishwa, bibi yako alikuwa kafukia makumbi yake ya nazi hapa. Akaniambia tutarudi kuyafukua, tusokote kamba."

"Yameshaoza hayo, mama."

"Mwanangu, makumbi hufukiwa ili yaoze."

Mara yakatokea mawe yaliyopangwa vizuri, na chini yake harufu iliyomfanya Thureya azibe pua. Bi Kazija aliivuta kama uturi. Alichomoa makumbi meusi, akayaponda kwa jiwe, akazisuuza nyuzi zake, kisha akakaa kuzisokota pajani, machozi yakimtiririka.

Honi ya meli ikalia kuwaita abiria. Thureya aliitazama meli, akamtazama mama yake.

"Nishike wapi?" aliuliza.

"Shika ncha hii, urudi nyuma taratibu."

Thureya akarudi nyuma hadi maji yakamfika magotini, na kamba ikazidi kurefuka kati yao.